Kisukari kwa Walatino wa Marekani: kutembelea nyumbani, darasa, meseji au mboga za bure, mchague ipi?

Wadau, hii ni ya wale walioko Marekani wanaofanya kazi kwenye kliniki za jamii, manesi, wanaohudumia wazee majumbani, wanafunzi wa afya ya jamii, na wale ambao kanisa au chama chao kimepata ufadhili mdogo wa kufanya kitu kuhusu kisukari kwa Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) wa mtaani kwao na sasa mmekaa mnabishana tuanze na nini. Wengi wetu Waswahili tunakutana na wagonjwa Walatino kila siku kazini na tunaona kabisa sukari inavyowamaliza, ila ukianza kutafuta njia unakuta tafiti kibao, zote zinasema zimezingatia utamaduni, zote zinasema zimefanikiwa, unabaki palepale.

Kwanza ukubwa wa tatizo. CDC, ile taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, inasema mtu mzima Marekani ana uwezekano wa asilimia 40 wa kupata kisukari aina ya 2 maishani mwake, akiwa Mlatino unavuka 50. Halafu kuna utafiti mkubwa unaitwa HCHS/SOL, uliandikisha watu zaidi ya 16,000 kati ya 2008 na 2011 huko Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ukakuta karibu asilimia 17 ya watu wazima wana kisukari. Ukichambua hiyo namba ndo inaonyesha kitu: wenye asili ya Amerika Kusini kama asilimia 10, Wacuba kama 13, Wamexico, Wapuerto Rico na Wadominika wote kama 18. Kati ya waliokutwa na kisukari, kama wanne katika kila kumi walikuwa hata hawajui wanacho, na ambao sukari yao ilikuwa imetulia hawakufika nusu, na karibu nusu hawakuwa na bima. Kwa hiyo mtu akikuletea "programu ya Walatino" swali la kwanza ni Walatino wepi, maana programu iliyotengenezwa na Wamexico wa mpakani Texas ukiipeleka kwa Wapuerto Rico wa Connecticut bila kugusa kitu, hata chakula kwenye picha si chao.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kuzingatia utamaduni sio kutafsiri kipeperushi kwa Kihispania. Ni kujua nani anaongea na mgonjwa, saa ngapi, nani mwingine amekaa hapo, na nani analipa. Ndo maana sitawaambia ipi bora kuliko zote, kila njia inatatua kizuizi chake, na nyie mnatakiwa mjue kizuizi cha watu wenu ni kipi.

Tunazipima kwa vipi

Nitaangalia njia nne, na kila moja naiuliza maswali yaleyale: nani anafundisha na wanamwamini kiasi gani, ratiba inamfaa mtu wa shifti au la, chakula na familia vinaingiaje, sukari ilishuka kiasi gani na ilikaa chini au ilirudi, gharama ikoje, na mwisho inamfaa nani.

Sukari hapa napima kwa HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ambacho wagonjwa wengi wanaambiwa wakilete chini ya 7. Na tahadhari moja kubwa kabla hatujaanza, msizipange hizi tafiti kama ligi ya mpira kwa kuangalia namba tu. Mtu aliyeanza na 11 ana nafasi kubwa ya kushuka kuliko aliyeanza na 8.5, halafu watu wengi wanajiunga na utafiti pale hali yao ilipokuwa mbaya kabisa kwa hiyo hata kundi la kulinganisha, lile linalopata huduma za kawaida tu, mara nyingi nalo linashuka. Namba ya kuangalia ni tofauti kati ya makundi mawili, na je hiyo tofauti ipo bado baada ya mwaka.

Kutembelea nyumbani

Hapa mfano ninaouamini ni wa Hartford, Connecticut, mradi ulioitwa DIALBEST, matokeo yalitoka 2015. Watu 211, wengi wao Wapuerto Rico wa kipato cha chini. Nusu walipata huduma za kawaida, nusu wakatembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii, mara 17 ndani ya mwaka mmoja.

Anayefundisha ni mtu wa mtaani, anaongea Kihispania cha kwao, lakini pia anafanya kazi na timu ya kliniki kwa hiyo anachokiona nyumbani kinafika kwa daktari. Hiyo sehemu ya pili watu wanaisahau sana. Mhudumu asiye na mlango wa kuingilia kliniki anaishia kuwa rafiki mzuri tu wa familia.

Nyumbani unaona vitu ambavyo chumba cha daktari hakiwezi kukuonyesha. Mhudumu anaomba aone dawa zote, mama analeta mfuko wa plastiki, ndani kuna metformin chupa moja na chupa nyingine imeandikwa Glucophage, ni dawa ileile kwa majina mawili na mama alikuwa anameza zote, halafu kuna kalamu ya insulini haijawahi kufunguliwa. Ukimuuliza kwa nini anakwambia insulini inapofusha, shangazi yake alianza insulini na mwaka uleule akapoteza macho. Hii imani ipo sana kwa Walatino na imeandikwa kwenye tafiti nyingi, na ina mantiki yake, kwao wengi insulini ilianzwa mgonjwa akiwa tayari ameharibika kwa hiyo walichokiona ni sindano halafu upofu. Daktari mwenye dakika 15 atasema "si kweli" na kuendelea. Mhudumu aliyekaa pale jikoni anauliza shangazi aliumwa muda gani kabla ya insulini, wanahesabu pamoja, na mama mwenyewe anaanza kuona kwamba macho yalianza kuharibika muda mrefu kabla ya sindano. Vilevile na wale wanaosema kisukari kiliwapata baada ya mshtuko mkubwa, wao wanaita susto, huna haja ya kubishana nao, sikiliza kilichotokea halafu uongelee dawa.

Ratiba ni rahisi kwa mgonjwa maana haendi popote, japo anayefanya kazi mbili hata kumkuta nyumbani ni shughuli. Familia ipo yenyewe, anayepika unamkuta.

Matokeo, tofauti ya kama nusu pointi ya HbA1c kati ya waliotembelewa na wasiotembelewa, inaonekana ndogo ila ilikuwepo bado kwenye mwezi wa 18, yaani nusu mwaka baada ya ziara kuisha. Kwenye hii fani kitu kinachobaki baada ya mradi kuondoka ni nadra, mi hicho nakithamini kuliko kushuka kwa ghafla.

Gharama ndo ugumu. Mhudumu mmoja anafikia watu wachache kwa siku, kuna mafuta ya gari, kuna foleni, kuna familia inayohama bila taarifa. Afadhali siku hizi malipo yameanza kufunguka, California ilianza kulipia wahudumu wa jamii kupitia Medi-Cal (bima ya jimbo hilo kwa wenye kipato cha chini) Julai 2022 na Medicare (bima ya serikali kuu, hasa ya wazee) ikaanza kulipia baadhi ya kazi zao Januari 2024, ila lazima mpitie kwenye kliniki inayojua kudai hayo malipo.

Inawafaa wenye sukari ya juu iliyokataa kushuka, wazee, wasiosoma vizuri, wenye dawa nyingi. Kwenye mtaa ambao watu wana hofu na makaratasi ya uhamiaji inategemea mno nani anagonga mlango, akiwa ni mtu wanayemfahamu wanafungua, akiwa mgeni na fomu mkononi hawafungui, na mi siwalaumu.

Darasa la kikundi

Hii ndo ina historia ndefu zaidi. Nenda Starr County, Texas, kaunti ya mpakani kabisa na Mexico ambayo karibu watu wote ni wenye asili ya Mexico, wanasayansi wamekuwa wanafuatilia kisukari pale tangu 1981. Profesa Sharon Brown wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin na wenzake waliwaita watu wa pale 256, wakatengeneza programu ya mwaka mzima, saa 52 za masomo na vikundi vya kusaidiana, na kila mgonjwa anatakiwa aje na mtu wa familia. Walimu walikuwa manesi, wataalamu wa lishe na wahudumu wa jamii wanaojua lugha zote mbili, na masomo yanafanyika makanisani, shuleni, sehemu ambazo watu wanaenda hata kama hakuna kisukari. Video zilirekodiwa hapohapo kwenye kaunti na watu wanaojulikana.

Baada ya miezi sita waliosoma walikuwa chini kwa pointi 1.4 ukilinganisha na waliokuwa bado wanasubiri zamu. Hiyo ni kubwa sana. Ila soma mstari unaofuata, wastani wao ulikuwa bado unazidi 10. Darasa lilisaidia kweli na bado watu walikuwa hatarini, maana darasa haliongezi dozi wala halinunui insulini, na Texas mpaka leo haijapanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini, kwa hiyo mtu mzima wa kipato cha chini asiye na bima anaweza kujua kila kitu kuhusu kisukari na bado akakosa dawa.

Baadaye walilinganisha darasa refu la saa 52 na fupi la saa 22. Yote yalishusha sukari, lakini kwa wale waliohudhuria angalau nusu ya vipindi lile refu lilishusha kama 1.7 na fupi kama 1.0. Hii ni muhimu kwenu wenye hela kidogo: fupi nalo lina maana, linafanya kazi, tena ni heri fupi ambalo watu wanamaliza.

San Diego kuna Project Dulce, ilianza 1997, wao darasa linaendeshwa na promotora, yaani mhudumu wa afya wa jamii wa Kilatino, ambaye mwenyewe anaishi na kisukari au ana uzoefu nacho kwenye familia, wiki nane kwa saa mbili mbili halafu mikutano ya kila mwezi. Utafiti wao wa Wamexico 207 uliotoka 2011 ulionyesha waliofundishwa na mwenzao wameshuka zaidi ya waliopata huduma za kawaida. Na Massachusetts, mwaka huohuo, kuna Latinos en Control, watu 252 wengi wao Wapuerto Rico, walitumia mtindo wa tamthilia ya Kilatino kufundisha, watu wanafuatilia wahusika na mikasa yao ya sukari. Miezi minne ya kwanza tofauti ilionekana vizuri, kufika mwezi wa 12 ilikuwa imepungua mpaka huwezi kusema ni tofauti ya kweli. Nimeiweka hapa makusudi, wameandaa vizuri, wamegusa utamaduni kweli, na bado ilififia pale vipindi vya kila wiki vilipogeuka vya kila mwezi.

Kwenye chakula darasa lina nguvu yake. Ukimwambia Mpuerto Rico "acha wali" umempoteza, wali na maharage ndo chakula cha nyumbani, ukiukataa kwa mama mkwe ni matusi. Darasani wanapika, wanapakua sahani mbili, moja wali umejaa na nyingine wali robo, maharage na saladi, wanapima sukari kabla na baada, na anayeona namba ni mume aliyekuja naye. Kwa Wamexico mjadala unakuwa tortilla ngapi, na nopales, yale majani ya mpungate wanayoyala kama mboga, yapeni heshima yake mezani badala ya kuleta brokoli peke yake.

Ratiba ndo inauma. Anayevuna shambani, anayesafisha hoteli usiku, hawezi kuja Jumanne saa nne asubuhi kwa wiki nane. Wanaume wanakuja wachache. Gharama kwa kichwa ni nafuu kuliko ziara, mwalimu mmoja watu kumi, ila chumba, chakula na mtu wa kuangalia watoto vinahitaji bajeti, hasa huyo wa watoto, msimkate.

Inawafaa wenye familia karibu, wenye ratiba inayotabirika, waliogundulika karibuni ambao wana maswali mengi na aibu kidogo.

Meseji za simu

San Diego haohao walijaribu Dulce Digital, matokeo 2017. Walatino 126 ambao sukari haijatulia, kundi moja likapata meseji kwa miezi sita, mwanzoni mbili tatu kwa siku halafu zinapungua. Nyingine za kufundisha, nyingine za kukumbusha dawa, nyingine zinamwambia apime sukari ajibu kwa namba, na jibu likiwa baya mtu wa timu anampigia. Walianza wote karibu na 9.5, baada ya miezi sita wenye meseji walikuwa kama 8.5 na wengine wamebaki kama 9.4.

Nani anafundisha? Kwenye skrini ni simu, lakini kilichobeba ule mradi kwa maoni yangu ni kwamba kuna binadamu anayepiga simu namba ikienda vibaya. Mkinunua huduma ya meseji bila huyo mtu mmenunua nusu. Na maneno yaandikwe na watu wa jamii hiyo, Kihispania cha kutafsiriwa na mashine mgonjwa anakijua kwa sekunde mbili na anaanza kufuta bila kusoma.

Ratiba hapa haishindwi na njia yoyote, meseji inamkuta kwenye basi, shambani, mapumziko ya saa sita. Udhaifu ni familia, simu ni ya mtu mmoja, anayepika hasomi hizo meseji labda mmuingize na yeye. Simu za kulipia kabla zinabadilishwa namba kila mara, mtu anapotea kwenye mfumo na hakuna anayejua. Na utafiti ule ni wa miezi sita, baada ya hapo hautuambii kitu.

Gharama ni ndogo kuliko zote ukiwa na watu wengi, ila kumbuka mashine ya kupima na stripi, kumuomba mtu apime sukari wakati stripi zimeisha na hana bima ni kumuonea.

Inawafaa watu wazima wanaofanya kazi, wanaozoea simu, walioshapata elimu ya msingi wanahitaji kusukumwa tu.

Mboga kwa cheti cha daktari

Hii ni tofauti na zile tatu, haifundishi kwanza, inalisha kwanza. Santa Barbara, California, taasisi ya utafiti wa kisukari ya Sansum ilianzisha mpango wa familia za Kilatino unaoitwa Mil Familias, uliotumia wanajamii wenyewe Walatino waliofundishwa kazi ya utafiti, na wakajaribu pia kuwaandikia watu mboga mbichi kama dawa, unachukua kila wiki kwa miezi mitatu. Kwenye kaunti hiyo Walatino wengi ndo wanaovuna hizo mboga na hizo stroberi, halafu dukani hawazimudu, hiyo inaniuma kila nikiifikiria.

Waliona uzito, kiuno na presha vikishuka kidogo na wasiwasi wa kukosa chakula ukapungua. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, na ni miezi mitatu tu, kwa hiyo ushahidi wake ni mwepesi kuliko wa zile tatu na mtu akija kwenu na slaidi zinazosema mboga zimeshinda darasa, muulize alilinganisha na nani.

Uaminifu unaingia haraka sana kwa njia hii, umeleta kapu kabla hujauliza swali, na mwenye kapu anarudi wiki ijayo. Ratiba si mbaya kama pa kuchukulia pako karibu na kazini. Familia nzima inakula, hiyo ni faida ambayo hizo nyingine hazina. Gharama inategemea wakulima na usafiri, na siku hela ikiisha kapu linaisha. Inawafaa sana nyumba ambazo mwisho wa mwezi chakula kinakata, na pale mnapotaka kujenga uhusiano na mtaa ambao umechoshwa na watafiti wanaokuja kutoa damu na kuondoka.

Sasa nyie mko wapi kati ya hizi

Kama watu wenu bado hawajafikia kisukari, sukari imepanda tu, hizi nne si mahali pa kuanzia. Angalieni programu ya CDC ya kuzuia kisukari, ya mwaka mmoja, ipo na mtaala wa Kihispania, imetokana na utafiti wa 2002 ambapo kupunguza uzito kama asilimia 7 na mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza wanaopata kisukari kwa asilimia 58, na Walatino walikuwemo kwenye utafiti huo.

Kliniki yenye wagonjwa wachache wenye namba za kutisha, 10 kwenda juu, na mnaweza kuajiri hata mtu mmoja, pelekeni nyumbani. Kabla ya ziara ya kwanza mkubaliane na daktari taarifa zitamfikiaje.

Kanisa au chama chenye ukumbi na akina mama wanaoheshimika, fanyeni darasa, hata fupi, jioni au Jumapili baada ya misa, na ndugu waje. Wekeni kabisa mikutano ya kila mwezi ya mwaka unaofuata kwenye bajeti kabla hamjaanza wiki ya kwanza, maana pale ndipo Massachusetts ilipofifia.

Wafanyakazi wa mashambani, viwanda vya nyama, hoteli, anzeni na meseji, na mtafute nesi mmoja wa kupiga simu. Mkiweza, mkutano wa kwanza uwe ana kwa ana ili wajue nani anayeandika.

Kama njaa ndo inaongoza, anzeni na mboga, halafu mtu akishazoea kuja kuchukua kapu mnaweza kuweka mezani mashine ya kupima sukari na mtu wa kuongea naye, bila kulazimisha.

Na kama mtaa wenu umechanganyika, Waguatemala, Wamexico, Wapuerto Rico, msichague kwenye kikao chenu. Tafuteni watu watatu wanne kutoka kila kundi, wengine wazee wengine vijana, wapeni hizi njia nne kama nilivyozieleza, walipeni kwa muda wao, na muwaulize ipi wangempeleka mama yao. Baadhi ya Waguatemala lugha yao ya kwanza ni ya Kimaya wala si Kihispania, kwa hiyo hata hilo la lugha muwaulize wao kwanza, kabla hamjachapisha chochote.